Mtungi Ulioachwa Nusu

Lisekese, Masasi
6 Juni 1993

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Hali zetu huku ni njema, tunaomba na yako huko juu iwe hivyo hivyo, na kifua kisikusumbue kwa baridi ya mwezi huu. Cecil ameng'oka meno ya mbele na sasa anazungumza kama mzee wa baraza. Kichanga wetu Pendo shingo imekaza, anacheka na kila mtu. Baba yao yuko Nanganga na marobota yake ya mitumba. Tangu biashara ziachiwe huru, kila mwanamume hapa kwetu ana meza barabarani.

Bado inaniuma kwamba mkeo, Mama Flora, alizikwa mimi nikiwa kitandani hospitalini na kichanga. Flora ameniandikia kutoka Songea kwamba mazishi ya mama yake yalikwenda salama. Wewe hujaniandikia neno, na sikulaumu. Najua unaishi peke yako katika nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu uoe.

Sasa nikupe habari yangu. Lile gazeti jipya la Dar es Salaam linalotoa hadithi za mfululizo kila wiki limeikubali yangu. Inaitwa "Nani Alikuja". Sehemu za mwanzo nimezipiga taipu ofisini baada ya kazi mpaka mlinzi ameacha kuniuliza naenda lini nyumbani. Mhariri, Bwana Christopher, alishangaa mbona haina jasusi wala bastola. Nikamwambia bastola humtisha mtu mara moja tu, lakini mtu aliyeanza kukitilia shaka kikombe chake mwenyewe hujitisha kutwa nzima, mwandishi kakaa pembeni anamtazama. Hizo ndizo hadithi ninazozitaka, za hofu inayokaa kichwani.

Hii ni ya mjane mmoja, Bi Julia, anayeishi peke yake. Shida ni kwamba mimi sijapata kukaa peke yangu. Nilitoka kwa mama nikaingia kwa mume. Nisaidie, Mjomba. Mtu aliye peke yake huogopa nini hasa? Usiniambie simba. Simba namjua.

Nisalimie majirani, zaidi mtani wako Mzee Kasiani. Bado anadai kwamba ukoo wetu ulipandishwa huko juu uwandani umebebwa mgongoni na ukoo wake? Mwambie aje Masasi nimjibu mwenyewe.

Mpwa wako anayekukumbuka,
Severina


Mkunya, Newala
29 Juni 1993

Mpwa wangu Severina,

Marahaba. Barua yako nimeletewa na kondakta wa basi, kaikunja ndani ya kofia yake. Ina jasho lakini inasomeka. Nimefurahi kwa meno ya Cecil, na kwa shingo ya Pendo zaidi. Mimi sijambo. Mikorosho inatoa maua, wenye salfa, ile dawa ya unga wa njano, wanapuliza, na asubuhi kijiji kizima kinanuka kiberiti. Flora alitaka nihamie kwake Songea. Nimekataa. Mimi si muhogo ning'olewe.

Hongera kwa gazeti. Nimewafundisha watu wazima wa hapa Mkunya kusoma "baba analima", na sasa nina mpwa wa kuwatisha.

Umeuliza mtu aliye peke yake huogopa nini. Nilitaka kukujibu kwamba haogopi kitu, anachoka na sauti yake tu. Lakini nitakupa kimoja. Juzi nilikwenda shamba nikauacha mtungi wa maji nusu. Najua ulikuwa nusu kwa sababu niliinama sana kuchota. Niliporudi nikaukuta umejaa mpaka shingoni, na kifuniko chake juu.

Wewe sasa ni mtu wa mjini, lakini ulizaliwa hapa. Unajua maji yetu yako bondeni, na mtu akishuka na giza anapanda na jua kichwani. Mwizi wa maji tunaye. Tunamjua, tunamtukana, yanakwisha. Lakini mtu wa kuingia nyumbani mwako wewe hupo na kukuachia maji, huyo sijamsikia tangu nizaliwe. Nimewauliza watu kwa kuzunguka, hakuna aliyesema ni yeye. Na imetokea tena.

Ukiona yanafaa, tumia. Wasalimie watoto na baba yao.

Mjomba wako,
Anselmo


Lisekese, Masasi
11 Julai 1993

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Pendo alipata homa, imepoa. Cecil anakuuliza kama huko Mkunya kuna panya wa kubadilishana naye meno.

Mjomba, kumbe mwandishi ni wewe, mimi mpiga taipu tu. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nimempa Bi Julia mtungi huo huo. Kwanza unajaa. Kisha anaanza kujiuliza kama ni yeye mwenyewe aliyeujaza akasahau. Halafu anachora alama ya mkaa kwa ndani, apate kujua. Naandika mwili unanisisimka, na ni mimi ninayejitungia. Ndiyo raha ya kazi hii: unachukua kitu kizuri kama maji, unamfanya msomaji akiogope. Bwana Christopher anadhani nimekitoa kichwani mwangu, nami sikumsahihisha.

Niletee vingine. Maji yananuka nini? Kifuniko kimekaaje? Usione haya kutia chumvi, sote tunatunga.

Salamu za Mzee Kasiani hukunirudishia. Amekuwa mpole siku hizi, au umemshinda?

Mpwa wako,
Severina


Mkunya, Newala
15 Agosti 1993

Mpwa wangu,

Marahaba. Nashukuru homa ya Pendo imepoa. Mwambie Cecil panya wapo, lakini wa Mkunya hawabadilishani, wanachukua tu.

Magazeti yako yamefika mawili kwa pamoja. Nimeyasoma kwa sauti pale kwa Zena, kwenye chai, na benchi hazikutosha. Alfani fundi cherehani anasema ni jini. Zena anasema Bi Julia ana mchumba mwenye haya. Silvesta anataka kujua Bi Julia anakaa wilaya gani, aende akamwambie ahame. Nimewaeleza kwamba hii ni hadithi. Wakanijibu kwamba gazeti ndilo hilo hilo lililoandika habari za bei ya korosho, kwa nini liseme kweli ukurasa mmoja na uongo ukurasa wa pili? Nikafungua gazeti la pili. Kuna mtu mmoja husikiliza akiwa nje, ameegemea baiskeli. Nikimaliza anaondoka.

Uliniambia nitie chumvi. Sikutia, na leo pia sitii. Mtungi unaendelea kujaa. Nilichora alama ya mkaa kama Bi Julia wako, maji yakaipita. Na juu ya kifuniko nimekuta alama za vidole, vumbi la njano. Salfa. Mwaka huu wengi hawakuipata, maana haigawiwi tena kama zamani, kila mtu ajitafutie. Upande wetu huu wa kijiji mwenye mashine ya kupulizia ni jirani mmoja tu.

Maji hayo siyanywi. Nayamwaga nyuma ya choo watu hawajaamka, kwa sababu kumwaga maji hapa ni aibu kuliko kuiba. Kisha nashuka bondeni na ndoo yangu.

Nataka uniambie jambo moja. Katika hadithi yako, anayejaza mtungi ni nani, na anataka nini kwa yule mama? Wewe ndiye unayejua.

Anselmo


Lisekese, Masasi
9 Septemba 1993

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Ofisini tuna wageni wa ukaguzi na taipu haipoi. Sisi wazima. Cecil anaota meno mapya, moja limekaa upande.

Hilo vumbi la njano ni zuri mno. Limeshakwenda Dar. Wasomaji wanaandika mpaka kutoka Tanga, na Bwana Christopher ananisukuma nimpe mwisho. Umeniuliza ni nani. Waandishi wa hadithi za namna hii hatusemi, hata kwa wajomba zetu. Lakini wewe ndiye uliyeniletea mtungi, basi nikunong'oneze: ni jirani. Anamtilia sumu kidogo kidogo kwa kinyongo cha zamani. Kinyongo gani, bado sijakitunga. Mwisho utatoka katika toleo la mwisho la Oktoba. Usimwambie mtu kwa Zena.

Habari za Mzee Kasiani hujanipa. Hii ni mara ya tatu nauliza.

Severina


Mkunya, Newala
3 Oktoba 1993

Severina,

Marahaba. Natumaini watoto ni wazima. Mimi goti limevimba. Niliteleza na ndoo nikipanda kutoka bondeni, Silvesta ndiye aliyenikuta. Usimwandikie Flora.

Nashukuru kwa kuninong'oneza. Moyo ulikuwa umeshaniambia hivyo hivyo, nami nikawa naukataa. Kinyongo unachokitafuta kwa hadithi yako kipo. Sitakiandika.

Nimekwisha kuamua. Gazeti lenye mwisho likifika nitalisoma kwa Zena, kisha nitakwenda nalo kwa mwenyekiti wa kijiji. Maji yenyewe nimeyahifadhi kwenye chupa. Nitamtaja Kasiani mbele ya watu. Unajua kwetu mtu akishatajwa kwa sumu hana pa kukaa. Atahama na wajukuu wake. Na iwe hivyo.

Mikorosho imebeba vizuri.

Anselmo


Lisekese, Masasi
11 Oktoba 1993

Mjomba,

Shikamoo. Watoto wazima. Barua hii nimempa kondakta mkononi na nimemwapisha asiiweke kwenye kofia.

Usiende kwa mwenyekiti. Nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Nimeogopa, Mjomba. Kazi yangu ni kuogofya watu na nilidhani hofu naijua. Ulikuwa unaniandikia kwamba unaishi ndani yake, mimi nikakujibu kwamba ni nzuri mno. Yule jirani mwenye sumu simjui. Nilimtunga kwa sababu mhariri anataka mtu wa kukamatwa mwishoni. Hadithi za namna yangu hazitembei bila mkosaji. Kijiji kinaweza kutembea bila yeye.

Jana nilikwenda sokoni kumtafuta Dorika, yule binti wa Mkunya anayeleta ming'oko, vile viazi vya porini, hapa. Nikamwuliza mjomba wangu ana nini na Mzee Kasiani. Akajifanya anapanga ming'oko yake. Nikangoja. Ndipo akaniambia kwamba siku ya mazishi, kabla jeneza halijashushwa, Mzee Kasiani aliruka kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka Mama Flora amrudishie ungo aliomwazima tangu mwaka wa Azimio. Watu wakacheka huku wanalia, kama inavyotakiwa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Na wewe ukamvuta kwa shati ukamtoa, ukampiga kofi. Akajipangusa udongo akaenda zake. Dorika anasema tangu siku hiyo hamjasemeshana, na hakuna aliyethubutu kukugusia, kwa sababu hata wazee hawajui mtu aliyempiga mtani wake atozwe nini. Hawajapata kuliona.

Mimi sikulaumu. Ulikuwa unamzika mkeo. Lakini sasa fikiri pamoja nami, maana hii ndiyo kazi yangu. Mwenye sumu hutia tone, hajazi mtungi. Na mwenye kinyongo hapandi mlima ule na ndoo, tangu Juni, kwa ajili ya mtu anayemchukia. Mtani hawezi kukuomba radhi, wala hawezi kukwambia amekusamehe, kwa sababu kati ya watani kosa halihesabiwi. Hana maneno ya kulisemea jambo hilo. Alichonacho ni utani. Kwa hiyo anaingia kwako wewe hupo, anakuchezea mtungi, anakaa anakungoja uje umtukane. Na wewe huendi.

Sina hakika, Mjomba. Nimewaza tu. Lakini ukitaka hakika, usiitafute kwa mwenyekiti. Mjibu kama mtani anavyojibiwa.

Mwisho wangu nimeuchana. Nimempigia Bwana Christopher simu ya posta nikamwambia hakuna sumu. Amesema wasomaji watanipiga mawe, na kwamba nisipomletea mwisho kabla ya katikati ya Novemba nafasi yangu atampa mwingine. Toleo moja nimeshalikosa. Najua tu kwamba Bi Julia hataletewa polisi. Atafanya nini akishajua ni nani, hapo nimekwama, na taipu inanitazama.

Niandikie upesi. Nakupenda, na sijui kwa nini tunaona haya kuliandika hilo kwenye barua.

Severina


Mkunya, Newala
7 Novemba 1993

Mpwa wangu Severina,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mimi sijambo, goti limepungua. Watoto nawaulizia, zaidi lile jino lililokaa upande. Korosho zinaanguka na kijiji chote kinanuka mabibo.

Barua yako niliisoma nikakasirika, kama ulivyotabiri. Nikaitupa chini ya kitanda. Baadaye nikainama na goti langu bovu nikaitoa, nikaisoma tena. Kisha nikaichukua ile chupa ya ushahidi, nikaishika kwenye mwanga wa dirisha. Nikanywa. Mpwa wangu, yalikuwa maji.

Nikamvizia Kasiani mpaka akaenda shamba, nikachechemea hadi kwake, nikamkamata jogoo wake mwekundu anayempenda kuliko wanawe. Nikamchinja uani palepale, nikampika kwa sufuria la Kasiani na kuni za Kasiani, kwa maji niliyotoka nayo kwenye mtungi wangu. Mke wake alinitazama mwanzo hadi mwisho. Kisha akaniletea chumvi. Nikakaa barazani, nikaanza kula.

Akaja na baiskeli yake. Nilikuwa nimeshika paja la kuku. Akatazama manyoya, akatazama sufuria, akanitazama mimi.

"Mwizi wewe," akasema. "Ukoo mzima hamjui hata kunyonyoa. Shingo hii bado ina koti."

"Jogoo kazeeka kama mwenyewe," nikamwambia. "Nimemchemsha tangu asubuhi."

Akaiegesha baiskeli, akanawa, akakaa. Tukala. Alipofika kwenye mifupa akasema, macho kayaelekeza uani, "Nilishakata tamaa. Najaza maji, najaza, mtu haji kunitukana. Uliposoma habari ya mtungi kwa Zena nikasema haya, leo kanijibu, tena kanitangaza kwenye gazeti. Nikafurahi. Nikaongeza ndoo."

"Na salfa kwenye kifuniko?"

"Si nilikuwa natoka kupuliza. Ulitaka nije na glavu kama daktari?"

Basi nikamwambia. Nikamwambia kwamba maji yake nilikuwa nayamwaga.

Hapo ndipo alipoacha kula. "Yote?"

"Yote."

"Anselmo," akasema, "lile kofi nililiacha kulekule makaburini. Lakini maji." Akaupangusa mkono wake kwenye shati. Nikaona analia, na kweli alikuwa analia, ila pia alikuwa anacheka, na mimi nikaanza. Mke wake akatoka akatukuta wazee wawili tunajifuta machozi kwa mikono yenye mafuta ya kuku. Nilimlilia Mama Flora pale barazani kwa Kasiani. Siku tuliyomzika sikuweza.

Hukumu ameitoa yeye mwenyewe, maana wazee walikuwa hawaijui. Goti likipona nitashuka naye bondeni, na ndoo yake nitaibeba mimi. Ungo aliomwazima Mama Flora ataendelea kunidai mpaka afe. Nimeutafuta, nimeuona, uko juu darini. Simpi.

Kwa Zena hakukaliki. Gazeti limefika bila Bi Julia, wakaligeuza mpaka kwenye matangazo. Alfani ananilaumu mimi. Kwa hiyo barua hii naiwahisha basi la leo, ikukute kabla nafasi yako haijapewa mtu. Kasiani anasema kama unamweka kwenye hadithi, mwandike kijana.

Umekwama kwamba Bi Julia akishajua ni nani atafanya nini. Sitaki kukufundisha kazi yako, Severina. Nakueleza ninachofanya mimi. Siku hizi maji ninayo ya kutosha, lakini kila nikienda shamba mtungi nauacha nusu.

Mjomba wako, naye anakupenda,
Anselmo